Somo lililofundishwa mlangoni

Miaka ya 1950, Likasi ikiitwa bado Jadotville, Wabelgiji walikuwa na nyumba za mafunzo kwa wanawake katika miji ya Kongo: foyer social. Akina mama walifundishwa kushona, kupika na kulea watoto. Kisha mwalimu Mbelgiji na msaidizi wake Mkongo walipiga hodi nyumba kwa nyumba, kuona kama somo limefuatwa. Msaidizi alijifunza kazi ya jamii kwa kutembea. Hapo sina ubishi. Lakini walikagua usafi wa nyumba, si mshahara wa baba. Mwanafunzi anayekuja leo Kamatanda, kwa wachimbaji wa mikono, aanze kwa kumuuliza mama bei ya unga, ndipo aulize kwa nini mtoto hayuko shuleni.