Mishamo: Ulinzi Usio na King'ora

Anayependa ving'ora vya zamani, vile vya kuwaonya raia kwamba ndege za vita zinakuja, hana sababu ya kufunga safari hadi Katavi. Aende Sweden, ambako hujaribiwa saa 9 alasiri kila Jumatatu ya kwanza ya Machi, Juni, Septemba na Desemba. Au aende majimbo ya kati ya Marekani, ambako mitambo iliyosimikwa kwa hofu ya mabomu ya Warusi leo hulia tufani ikikaribia. Uingereza iling'oa vingi mwanzoni mwa miaka ya 1990, Vita Baridi vilipokwisha. Vya Broadmoor, hospitali ya wahalifu wenye ugonjwa wa akili, vilivyosimikwa 1952 baada ya mgonjwa mmoja kutoroka na kuua, vilidumu hadi mwishoni mwa miaka ya 2010. Chombo chenyewe hakina makuu. Gurudumu lenye matundu huzunguka ndani ya kasha lenye matundu mengine, hewa hukatwakatwa, na mlio hupanda kadiri mwendo unavyozidi. Vidogo vyake huzungushwa kwa mkono bila umeme, jambo ambalo tutalihitaji mbele kidogo. Mishamo, makazi yaliyofunguliwa 1978 kwa wakimbizi wa Burundi katika iliyokuwa Wilaya ya Mpanda, leo mkoani Katavi, hayakujengewa mfumo wa namna hiyo. Nashikilia kwamba wakimbizi hao hawakusahauliwa. Walipewa ulinzi wa aina nyingine, ulioandikwa katika mkataba na kupimwa kwa kilomita.

Hatari ya kutoka angani haikuwa ngeni upande huu wa Afrika. Juni 1916 ndege za Wabelgiji zilivuka Ziwa Tanganyika kupiga bandari ya Kigoma, zikiitafuta Graf von Götzen, meli ambayo baadaye ilizamishwa na Wajerumani wenyewe, ikaibuliwa na kuitwa Liemba. Mwaka 1940 ndege za Italia zilipiga Wajir na Malindi. Septemba 1972, baada ya wafuasi wa Obote, rais aliyepinduliwa na Idi Amin, kujaribu kuingia Uganda kutokea Tanzania, ndege za Amin zilishambulia Bukoba na Mwanza. Lakini tukio linaloihusu Mishamo moja kwa moja ni la 1973. Mwaka mmoja baada ya mauaji makubwa ya Wahutu nchini Burundi, ndege za jeshi la nchi hiyo zilipiga vijiji vya Tanzania mkoani Kigoma, kwa madai ya kuwafuata waasi waliojichanganya na wakimbizi. Raia wa Tanzania waliuawa, na wafanyakazi wa bandari wakasusia mizigo ya Burundi.

Kwa tukio kama hilo tayari kulikuwa na kanuni. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuhusu wakimbizi, uliotiwa saini Addis Ababa Septemba 10, 1969, unasema katika ibara ya 2 kwamba, kwa ajili ya usalama, nchi mwenyeji, kadiri inavyowezekana, itawaweka wakimbizi mbali ya kutosha na mpaka wa nchi walikotoka. Umoja wa Mataifa kwa kawaida huhesabu kilomita 50. Tanzania ilikwenda mbali zaidi: makazi ya Ulyankulu yakawekwa Tabora, ya Katumba karibu na Mpanda, na Ulyankulu ilipofurika watu, wengine wakahamishiwa Mishamo, zaidi ya kilomita 100 kusini mwa mpaka, katika misitu ya miombo ya nchi ya Wabende iliyokuwa na watu wachache. Huko vilichorwa vijiji 16 juu ya eneo la kilomita za mraba 2,000 na ushei.

Hapa mtu atauliza, na ana haki: kilomita 100 ni nini kwa ndege? Ni mwendo wa dakika chache. Hoja ina nguvu, ila inachanganya uwezo wa kupiga na sababu ya kupiga. Vijiji vilivyoshambuliwa 1973 vilikuwa jirani na mpaka, mahali ambapo mtu angeweza kuvuka usiku na bunduki akarudi alfajiri. Umbali uliondoa sababu hiyo. Tazama mfano wa upande wa pili: Machi 1979, wakati wa vita vya Kagera, ndege ya Libya, iliyokuwa ikimsaidia Amin, aina ya Tupolev 22 ilitumwa hadi Mwanza, mbali na mstari wa mbele, kwa kuwa kulikuwa na ghala la mafuta. Ilikosa shabaha, ikaua swala katika kisiwa cha Saanane. Ndege ilifuata mafuta. Mishamo haikuwa na ghala la mafuta wala kambi ya jeshi. Ilikuwa na mihogo, mahindi na tumbaku.

Pingamizi jingine ni kwamba umaskini unatosha kueleza kila kitu, kwamba ving'ora ni vya wenye fedha. Silikubali. TCRS, shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi lililoendesha makazi hayo pamoja na serikali na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, hadi 1985, lilipasua barabara, likachimba visima, likajenga shule na zahanati. Wenye kuyamudu hayo wasingeshindwa na king'ora cha kuzungusha kwa mkono. Kilichokikataa ni ramani. King'ora ni chombo cha mji, cha watu waliobanana wenye mahali pa kujificha. Sauti ya kile cha mkono haifiki mbali, na nyumba za Mishamo zimetawanyika kando ya barabara ndefu, kila familia na shamba lake.

Ulinzi huo ulikuwa na gharama, na siipunguzi. Umbali uliowaepusha na mabomu uliwaweka pia chini ya jicho la mkuu wa makazi, na kutoka kulihitaji kibali. Mtafiti Liisa Malkki, aliyekaa Mishamo katikati ya miaka ya 1980, aliwakuta watu waliojijengea historia ya taifa lao wakiwa wametengwa hivyo. Anayesema umbali ulikuwa udhibiti yuko sahihi. Ila udhibiti na ulinzi vilifika katika lori moja.

Mwaka 2010 serikali iliridhia uraia kwa watu 162,156 wa makazi matatu ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na vyeti vikaanza kutolewa 2014. Sababu ya kisheria ya umbali ikaisha, vijiji vikabaki pale pale. Wakazi wa leo wanahitaji onyo la moto, mwizi na mafuriko, na kwa hayo vijiji vya magharibi ya Tanzania vina vyombo vyake badala ya king'ora: yowe, filimbi, mwano (mwito wa dharura) wa Wasukuma, rimu ya gari inayogongwa chini ya mwembe wa shule. Sungusungu, walinzi wa jadi walioanza Shinyanga na Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, walitegemea vyombo kama hivyo, na sheria ikawatambua 1989. Yowe hupokewa na jirani na kupitishwa mbele, nyumba kwa nyumba, hadi kijiji cha pili.