Nyama ya shamba ni ya nani? Historia fupi ya uwindaji wa jioni pembeni ya mashamba

Utangulizi

Watu wanaposikia neno uwindaji, mara moja wanafikiri tembo, nyati na simba. Vitabu vya shule pia vinafanya vile vile: vinasimulia mambo ya pembe za tembo na wafalme wakubwa, kisha vinafunga ukurasa. Lakini katika maisha ya kila siku ya wazee wetu, uwindaji uliojaza sufuria haukuwa ule. Ulikuwa uwindaji mdogo, wa jioni, pembeni ya shamba: sungura, ndezi, kanga, kwale na panya wa majani. Hakuna aliyeimbiwa sifa juu ya kuua sungura. Na hata hivyo, juu ya hiyo nyama ndogo kuna swali moja kubwa ambalo bado linawagombanisha watu katika migini yetu: mnyama anayekula mazao yangu ni wa nani? Ni wa mwenye shamba, wa chifu, ao wa serkali?

Katika kurasa hizi tutaangalia kwanza wanyama wenyewe na desturi za wazee, kisha mambo ya bunduki, kisha sheria za wakoloni na za leo. Mwishoni tutasema ni nini tunapashwa kuwafundisha watoto.

1. Wanyama wa jioni

Tuanze na kusahihisha jina. Mnyama tunayemwita sungura huku savana ya Katanga si ndugu wa karibu wa lapini anayefugwa katika vibanda. Lapini aliletwa kutoka Ulaya. Yeye huchimba shimo, na watoto wake wanazaliwa uchi, macho yamefungwa. Sungura wetu hachimbi shimo. Mchana analala katika kitalu kidogo cha majani, na watoto wake wanazaliwa na manyoya, macho wazi, tayari kukimbia. Kwa hiyo ginsi ya kuwawinda si moja. Lapini wa porini huko Ulaya anangojewa kwenye mlango wa shimo lake. Sungura wetu anatafutwa kwenye njia zake za kwenda kula.

Ndezi ni panya mkubwa wa majani marefu, ambaye wanaosema Lingala wanamwita simbiliki. Anaweza kupita kilo tano. Anakata mashina ya mahindi na miwa sawa vile mtu mwenye panga, na mara mingi anaangusha kuliko anavyokula. Mkulima akiamka asubuhi na kuona mistari mizima imelala chini, anajua ni nani aliyepita.

Wote wawili wanatoka jua linapoinama. Mchana wanaogopa mwewe, mbwa na watu. Jioni, majani yanapopata unyevu, wanaingia shambani. Ndiyo sababu wazee walisema kazi ya kulinda shamba inaanza pale kazi ya jembe inapoisha. Kwetu mvua inaanza karibu na Novemba, mahindi yanavunwa tangu Aprili: ni miezi ile ile ambamo ghala iko karibu tupu na mnyama ana chakula tele cha kuiba. Mtu aliyepoteza shamba Februari hakuwa na pahali pengine pa kwenda.

2. Desturi za wazee

Mwindaji alikuwa na heshima kubwa katika masimulizi yetu. Waluba wanasimulia ginsi Mbidi Kiluwe, mwindaji mgeni kutoka mashariki, alivyoleta adabu mpya ya utawala na kuwa baba wa Kalala Ilunga. Walunda wanasimulia Chibinda Ilunga, mwindaji aliyemwoa Lueji. Hata jina Bayeke, wanahistoria wanalieleza kama jina la wawindaji wa tembo kutoka Usumbwa. Ni kusema kwamba katika fikira za wazee, anayejua pori anaweza kujenga ufalme.

Lakini uwindaji mkubwa na uwindaji mdogo havikuwa na sheria moja. Mnyama mkubwa alimhusu mwenye inchi: chui alipelekwa kwa chifu, na nyama ya mnyama mkubwa ilitolewa fungu la heshima. Sungura na ndezi hawakuhesabiwa hivyo. Aliyemkuta katika mihogo yake alimla, na watoto wake wakanyonya mifupa. Ndiyo kusema desturi ilitofautisha vizuri: pori ni la wote chini ya chifu, shamba ni la jasho la mtu.

Vyombo vilikuwa vya kufaa kwa kazi. Kulikuwa mtego wa kamba na fimbo ya kupinda, uliowekwa pahali ua wa shamba ulipoachwa wazi kwa makusudi. Kulikuwa shimo. Kulikuwa upinde kwa mwenye mkono mtulivu. Kulikuwa wavu, uliofungwa kwa nusu duara, na watu upande mwingine wakipiga kelele kusudi mnyama akimbilie ndani. Huko Ituri, Wambuti wameendelea na kazi hii, wanaume kwenye wavu na wanawake wakifukuza. Na kulikuwa mbwa.

Mbwa wa wazee wetu anastahili maneno mawili. Ni mbwa mdogo, masikio wima, mkia umejikunja, na habweki kama mbwa wengine. Ndiyo maana alifungwa kengele ya mti shingoni, kusudi mwindaji ajue amefika wapi katika majani. Wazungu walimpeleka Ulaya. Alionyeshwa London tangu 1895, na uzazi wake ukasimama huko kuanzia 1937. Leo anajulikana dunia nzima kwa jina la basenji. Jina hilo linatoka katika neno “washenzi”, lile lile tulilotukaniwa wakati wa koloni. Mbwa alipanda ndege na akapata vyeti; wenye kumfuga wakabaki na tusi.

Tusipambe mambo kupita kiasi. Mitego ilikamata pia mbuzi wa jirani na miguu ya watu. Wahenga hawakukosea waliposema mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo. Kwa sababu hiyo mwenye mtego alipashwa kutangaza pahali alipoutega, na aliyenyamaza alilipa hasara.

3. Bunduki inaingia

Katika karne ya 19 bunduki ziliingia kwetu kwa milango miwili: kutoka pwani ya mashariki, na kutoka Benguela upande wa magharibi kwa njia ya wachuuzi wa Angola. Msiri, pale Bunkeya, alizipata pamoja na baruti kwa kutoa shaba, pembe na watumwa, mpaka alipouawa tarehe 20 Desemba 1891. Sanaa pia inashuhudia mabadiliko hayo: baadhi ya sanamu ambazo Wachokwe walichonga za Chibinda Ilunga zinamwonyesha ameshika bunduki, ingawa masimulizi yanamweka katika wakati wa upinde.

Juu ya nini basi bunduki iliyobaki migini ni ile ya kushindilia baruti mdomoni? Jibu liko katika Mkataba wa Brussels wa 1890. Mataifa ya Ulaya yalisema yanapigana na biashara ya watumwa, na kwa hiyo yakafunga uingizaji wa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika. Zile za zamani, za jiwe la cheche na mtutu laini, ziliachiwa njia. Hivyo askari wa Dola Huru ya Kongo alibeba bunduki ya kisasa, na mkulima akabaki na ile ya babu. Fundi wa chuma akajifunza kuitengeneza, na baadaye akatumia bomba za chuma za magari yaliyokufa. Ni silaha nzito, yenye moshi na kelele, na ikilipuka vibaya inamla mwenyewe vidole. Kwa sungura haifai sana, juu ya risasi zake za vipande vya chuma zinaharibu nyama, na baruti ina bei kuliko mnyama mwenyewe.

4. Mwendo wa pembeni: mkulima wa Uingereza

Hapa tufanye mwendo mfupi kwenda Ulaya, kusudi tusifikiri kwamba swali letu ni la weusi peke yao.

Katika Uingereza lapini waliletwa baada ya Wanormani kuteka inchi ile katika 1066, wakafugwa kama mali ya mabwana, kisha wakatoroka na kuenea. Mkulima aliyepanga shamba kwa bwana mkubwa aliona ngano yake ikiliwa, na hakuwa na ruhusa ya kuua. Sheria ya 1828 iliweka kwa mtu aliyekamatwa mara ya tatu akiwinda usiku adhabu ya kupelekwa ng'ambo mpaka miaka saba. Ilingojewa mpaka 1880 ndipo bunge likatoa sheria juu ya sungura na lapini: kila mwenye kulima udongo ana haki ya kuwaua hapo anapolima, na bwana wa ardhi hawezi kumnyang'anya haki hiyo hata kwa mkataba.

Leo, katika mashamba ya kule, utamkuta mtu wa kawaida jioni, amelala kimya kwenye ua wa miti na karabini ya hewa. Silaha hiyo haitumii baruti: hewa iliyobanwa inasukuma kipande kidogo cha risasi, cha milimita 4.5 ao 5.5. Si mchezo wa juzi, kwani jeshi la Austria lilikuwa na bunduki za hewa tangu miaka ya 1780. Katika England na Wales, ile yenye nguvu isiyopita joule 16 hivi haidai cheti cha silaha, lakini ruhusa ya mwenye shamba ni lazima. Kwa nguvu hiyo ndogo mwindaji anapashwa kukaribia hatua thelathini hivi na kulenga kichwa. Asipokuwa na hakika, anaacha. Kelele ni ndogo, nyama haiharibiki, ng'ombe wa jirani hawashtuki. Tunachotaka msomaji akikumbuke si chombo, ni mpango: haki inajulikana, mpaka unajulikana, na mnyama anakufa mara moja.

5. Sheria kwetu

Kwetu mambo yalikwenda kinyume. Tarehe 19 Mei 1900, huko London, mataifa ya Ulaya pamoja na Dola Huru ya Kongo yalitia sahihi mkataba wa kulinda wanyama wa Afrika. Mkataba ule haukufikia kutumika sawasawa, lakini roho yake ilibaki: ulitaka wavu na shimo vipunguzwe. Mkataba wa pili wa London, wa 8 Novemba 1933, ulikwenda mbali zaidi: ulikataza, kadiri inavyowezekana, taa za kupofusha macho, sumu, nyavu, mashimo na mitego. Dekreti ya 21 Aprili 1937 ikapanga uwindaji katika Kongo ya Wabelgiji.

Tusome vizuri orodha ile. Karibu kila chombo cha mtu maskini kimo ndani. Karabini ya bei kali, ya mzungu mwenye permi, haimo. Na wakati ule ule ardhi ilifungwa kwa ajili ya mbuga: Albert katika 1925, Garamba katika 1938, Upemba katika 1939. Tena tangu 1917 mkulima alilazimishwa kulima pamba na mazao mengine ya serkali. Siku zilizobaki kwa wavu na mbwa zikapungua, na mwindaji wa jana akaitwa mwizi wa nyama.

Haifai lakini kusema kila ulinzi ulikuwa ubaya. Tumeona wenyewe kinachotokea ulinzi ukianguka. Katika Virunga, viboko walikuwa karibu 29,000 katika miaka ya 1970. Baada ya vita na silaha za kivita, katikati ya miaka ya 2000 walikuwa chini ya 1,000. Hakuna mkulima wa mahindi aliyefanya hiyo kazi kwa mtego wa kamba.

Kongo huru ilitoa sheria yake ya uwindaji, namba 82-002 ya 28 Mei 1982. Wengi wanajua tu kwamba inadai permi. Wachache wanajua kwamba katika aina za permi inataja pia permi ya kijijini na permi ya pamoja. Ndiyo kusema mlango wa mtu wa mugini uliandikwa katika sheria. Lakini nani katika migini yetu amewahi kuiona karatasi hiyo? Pahali sheria haijulikani, inageuka kuwa duka: mkulima aliyeua ndezi katika mahindi yake anaulizwa permi njiani, hana, anatoa jogoo ao franga, na kesho yake anaacha shamba liliwe. Wakati ule ule kijana mwenye toshi kichwani na waya za chuma mia moja anazunguka usiku kucha katika mashamba yasiyo yake, anauza sokoni, na hakuna anayemuuliza.

Mwisho

Basi tunaona kwamba wazee wetu na bunge la Uingereza la 1880, bila kujuana, walifikia jibu moja: mnyama mdogo anayekula mazao anaweza kuuawa na yule aliyelima, ndani ya mipaka ya shamba lake. Nje ya mpaka huo kuna haki ya wengine, na juu ya wanyama wakubwa kuna haki ya inchi nzima.

Kwa watoto tunapashwa kufundisha mambo matatu. Kwanza, sheria ya 1982 isomwe barazani kwa Kiswahili, kusudi machifu na wakulima wajue namna ya kuomba permi ya pamoja. Pili, desturi ya kutangaza mtego irudi, na waya za chuma zinazoachwa kuozesha nyama porini zikataliwe na mugini wenyewe. Tatu, wanaopenda ile nyama wajifunze kufuga: nchini Benin wamefuga ndezi tangu miaka ya 1980, na majani kwetu hayakosi.

Msasi haogopi mwiba, wamesema wahenga. Lakini mkulima wetu leo haogopi mwiba wala giza la shambani. Anaogopa kukamatwa akilinda chakula cha watoto wake. Woga huo haukutoka kwa wazee, na dawa yake imekwisha kuandikwa. Imebaki kuisoma.