Tuliamini Neno, Tuitafute Maana Yake



Liko swali ambalo Mkristo wa Songea hulikuta sokoni, kituo cha mabasi, hata mlangoni pa nyumba yake: "Je, wewe unaiamini Biblia kama ilivyoandikwa?" Swali laonekana jepesi, lakini lina mtego. Tukijibu "ndiyo", twaulizwa mara kwa nini basi twamwita padre "baba", hali Bwana alikataza kumwita mtu yeyote duniani kwa jina hilo (Mt 23:9). Tukijibu "hapana", twaambiwa kwamba hatuna imani. Waamini wengi hunyamaza, na baadhi ya makatekista hubadili mazungumzo. Leo twapenda kulijibu swali hilo kwa msaada wa historia, na hasa historia iliyotukia karibu nasi, kandokando ya Ziwa Nyasa.

Jibu letu twalitoa tangu mwanzo. Biblia yote ni Neno la Mungu, nasi twaiamini yote. Lakini kuliamini neno si kulishika juu juu pasipo kuuliza lilisemwa kwa maana gani. Tukiambiwa kwamba mzee fulani amekula chumvi nyingi, hatuendi kuipima chumvi iliyomo jikoni mwake. Twajua kwamba ameishi miaka mingi. Msemaji hakusema uongo, wala sisi hatukulipunguza neno lake. Tumemwelewa. Yule anayekwenda na mizani jikoni ndiye asiyemsikiliza msemaji, ingawa amelishika kila neno lake.

Basi, twende ziwani. Mwaka 1908 nchi yetu ya Songea ilikuwa bado katika majonzi. Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905 na kuzimwa mwaka 1907, vilikuwa vimewamaliza watu kwa risasi, na zaidi kwa njaa. Hapa Songea wazee na wapiganaji wa Kingoni walikuwa wamenyongwa tarehe 27 Februari 1906. Ng'ambo ya pili ya ziwa, katika nchi iliyoitwa Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, watu hawakupigana vita hivyo, lakini mizigo yao ilifanana na ya kwetu. Walitozwa kodi na serikali ya wageni, na vijana wao walikwenda mbali kutafuta fedha ya kuilipa, wengine hata katika migodi ya Afrika ya Kusini.

Mwaka huo huo alirudi kwao Bandawe, katika nchi ya Watonga, mtu mmoja aitwaye Elliot Kenan Kamwana. Alikuwa amesoma katika shule za misheni ya Waskoti ya Livingstonia, kisha akaenda Afrika ya Kusini. Huko Cape Town, Mwingereza Joseph Booth alimfundisha mafundisho ya Charles Taze Russell wa Marekani, mwanzilishi wa chama cha Watch Tower, yaani Mnara wa Mlinzi. Kamwana akawahubiria watu wake kwamba mwaka 1914 Kristo atashika utawala, wageni wataondoka, na kodi itakoma. Wamisionari waliwaweka wakatekumeni katika mafundisho ya muda mrefu kabla ya Ubatizo; yeye alibatiza mara moja. Katika muda wa miezi michache maelfu ya watu walimwendea, na hesabu zilizoandikwa hukaribia watu 10,000. Serikali ya Kiingereza ikaogopa. Mwaka 1909 ilimkamata na kumhamisha, wala hakuruhusiwa kurudi kuishi kwao mpaka mwaka 1937.

Tusiwacheke watu wale. Mwenye njaa ya haki huusikia kwa masikio mawili ujumbe usemao kwamba udhalimu una mwisho. Tena yafaa tutambue kwamba walichokuwa wakikishika mkononi kilikuwa Biblia, si uchawi. Ndiyo sababu habari yao yatuhusu.

Je, mwaka 1914 ulipatikana wapi katika Biblia? Haumo. Ulipatikana kwa hesabu. Katika kitabu cha Danieli, sura ya 4, mfalme Nebukadneza aota ndoto ya mti mkubwa unaokatwa, na nyakati saba zinapita juu ya kisiki chake. Russell na wenzake walizihesabu nyakati hizo kuwa miaka saba ya siku 360 kila mmoja, jumla siku 2,520. Kisha, kwa kufuata neno la Ezekieli juu ya siku moja kwa mwaka mmoja (Eze 4:6), wakazigeuza siku hizo kuwa miaka 2,520. Wakaanza kuhesabu tangu mwaka 606 K.K., waliouchukua kuwa mwaka wa maangamizi ya Yerusalemu, wakafika 1914. Lakini wanahistoria huyaweka maangamizi hayo katika mwaka 587 au 586 K.K.

Hapa, ndugu wapendwa, pana jambo la kulishika vema. Hesabu hiyo ilitolewa kwa jina la kuiamini Biblia kama ilivyoandikwa. Lakini nani ameandika katika Danieli kwamba siku ni mwaka? Neno hilo lilitolewa katika kitabu kingine, lililosemwa kwa sababu nyingine, likapachikwa hapo. Kumbe anayesema kwamba hafasiri, naye afasiri. Tofauti ni kwamba afasiri bila kujua, au bila kusema. Basi swali lililo mbele yetu si kama tufasiri au tusifasiri. Ni kama tutafasiri vema au vibaya.

Tena sura ile yenyewe yajieleza. Mti ni mfalme. Alijivuna akitembea juu ya jumba lake la Babeli, akaondolewa akili, akala majani kama ng'ombe, mpaka alipotambua kwamba Aliye Juu ndiye atawalaye falme za wanadamu. Wataalamu wengi hukubali kwamba kitabu cha Danieli kilipata umbo lake la mwisho wakati Wayahudi walipoteswa na mfalme Antioko Epifane, aliyelinajisi Hekalu mwaka 167 K.K. Kwa watu hao walioonewa mwandishi alitaka kusema: mfalme mwenye kiburi ni mti tu, nao mti hukatwa, shikeni imani. Je, si neno hilo hasa walilolihitaji Watonga wa mwaka 1908, na Wangoni waliokuwa wakiwalilia wazee wao? Maana aliyoikusudia mwandishi ilikuwa na chakula kingi kwao kuliko ile tarehe. Tarehe iliwaahidi mwaka mmoja. Danieli aliwaahidi Mungu asiyemwacha aonewaye katika mwaka wowote.

Mwaka 1914 ulifika. Tarehe 13 Agosti mizinga ilisikika Liuli, hapa hapa mkoani kwetu, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen. Meli ya Waingereza Gwendolen iliishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa Kijerumani alikuwa hata hajapata habari kwamba vita vimeanza. Wageni hawakuondoka. Kodi haikukoma. Badala yake, watu wa pande zote mbili za ziwa walichukuliwa kubeba mizigo ya majeshi, na wengi hawakurudi. Waliotabiri walisema baadaye kwamba Kristo alianza kutawala mwaka ule pasipo kuonekana. Lakini mtu aliyengoja kuondolewa kodi angemjibu nini mkusanya kodi?

Mtu aweza kusema: hayo ni ya wengine, sisi Wakatoliki hatujambo. La, historia ya Kanisa nayo ina fundisho lake. Mwaka 1633 mahakama ya Kanisa huko Roma ilimhukumu Galileo kwa kufundisha kwamba dunia hulizunguka jua, na miongoni mwa maandiko yaliyotumiwa dhidi ya fundisho hilo ni lile la Yoshua kuliamuru jua lisimame (Yos 10:12-13). Hata leo sisi twasema "jua limezama", wala hakuna anayetushitaki kwa uongo. Mwaka 1992 Papa Yohane Paulo II alikiri hadharani kwamba wanateolojia wa wakati ule walikosea katika kuyaelewa Maandiko. Nao walikuwa wameonywa mapema. Mtakatifu Augustino, katika kitabu alichokiandika juu ya Mwanzo kati ya miaka ya 401 na 415, alikwisha kuwaonya Wakristo wasiseme mambo ya upuuzi juu ya nyota na viumbe wakidai kwamba ndiyo mafundisho ya Biblia. Kwa maana asiyeamini akituona tumekosea katika jambo analolijua, atatuaminije tunapomweleza ufufuko wa wafu?

Kanisa limejifunza. Mwaka 1943 Papa Pius XII aliwahimiza wataalamu wachunguze namna za uandishi za watu wa kale. Tarehe 18 Novemba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati juu ya Ufunuo wa Mungu, ulifundisha kwamba Maandiko hutufundisha pasipo kosa ule ukweli ambao Mungu alitaka uandikwe kwa ajili ya wokovu wetu; na kwamba msomaji sharti atafute mwandishi alikusudia nini, kwa kuwa ukweli huelezwa kwa namna moja katika historia, kwa namna nyingine katika unabii, na nyingine tena katika utenzi. Mwaka 1993 Tume ya Kipapa ya Biblia ilionya waziwazi juu ya usomaji unaoshika herufi tu, ikisema kwamba ni wa hatari kwa kuwa huwavuta watu wanaotafuta majibu ya haraka kwa matatizo ya maisha.

Basi, je, kila kitu ni fumbo? Hasha. Kusoma kwa akili si kuyeyusha imani. Mtakatifu Luka aeleza mwanzoni mwa Injili yake kwamba amechunguza mambo yote kwa bidii. Mtakatifu Paulo, akiandika juu ya Kristo mfufuka, ataja mashahidi, na miongoni mwao ndugu zaidi ya 500, ambao wengi wao walikuwa hai bado alipoandika (1 Kor 15:6). Huo si utenzi wala mfano. Ni ushuhuda, na pasipo huo imani yetu ni bure. Vivyo hivyo Bwana alipofundisha juu ya Mwili na Damu yake, wengi walichukizwa wakaondoka, naye hakuwaita awaambie kwamba ni mfano tu (Yn 6). Kanisa limeshika hivyo tangu Mitume. Lakini aliposema kwamba jicho likikukosesha uling'oe (Mt 5:29), Kanisa halikung'oa macho ya mtu. Na juu ya neno "baba", Paulo yule yule awaambia Wakorintho kwamba yeye ndiye aliyewazaa kwa njia ya Injili, akiwa baba kwao (1 Kor 4:15). Bwana alikemea kiburi cha walimu waliopenda vyeo. Hakuwafuta baba zetu wala kuivunja heshima.

Mambo haya si ya darasani tu. Mwezi Aprili 2023 katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, yalianza kufukuliwa makaburi ya wafuasi wa mhubiri Paul Nthenge Mackenzie. Miili zaidi ya 400 ilipatikana, na mingi ilikuwa ya watoto. Waendesha mashtaka walisema kwamba watu walifundishwa kufunga mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Mhubiri aliyakana mashtaka aliposomewa mwaka 2024. Hukumu ni kazi ya mahakama. Sisi twajua tu kwamba Yesu alifunga siku arobaini, kisha akaona njaa (Mt 4:2), na kwamba alipomfufua binti Yairo aliagiza apewe chakula (Mk 5:43). Laiti katika msitu ule angalikuwepo mtu wa kuzisoma aya hizo kwa sauti!

Kwa hiyo, makatekista wapendwa, mwaombwa mwafundishe watu maswali matatu kila wanapoifungua Biblia katika jumuiya ndogo ndogo. La kwanza: ni nani aliyeandika, kwa watu gani, katika shida gani? La pili: ni maandishi ya namna gani, habari ya mambo yaliyotukia, sala, mfano, au maono? La tatu: je, maana tunayoitoa yapatana na Biblia nzima, na imani ya Kanisa, na upendo wa Kristo? Maana inayomnyima mtoto chakula, inayomzuia mgonjwa asiende hospitali, au inayomwachisha mkulima jembe kwa sababu ya tarehe fulani, hiyo haikutoka kwa Bwana, hata ikiwa na aya kumi.

Na akija mtu mlangoni kutuuliza kama twaiamini Biblia kama ilivyoandikwa, tumkaribishe kiti, tumpe maji ya kunywa, kisha tumjibu kwa upole: ndiyo, twaiamini yote, na kwa sababu twaiamini, hatuachi kuuliza Mungu ametaka kutuambia nini. Bwana aliyewafungulia wanafunzi wa Emau maana ya Maandiko njiani atufungulie na sisi akili zetu. Amina.