Kaizeni

Kaizeni ni njia ya kuendesha biashara kwa kupunguza upotevu kidogo kidogo, wafanyakazi wenyewe wakiwa ndio wanaobaini kasoro. Ilikomaa Japani, hasa katika kampuni ya Toyota, ambako mhandisi Taiichi Ohno alitaja aina 7 za upotevu: kuzalisha kupita mahitaji, kusubiri, usafirishaji usio wa lazima, usindikaji uliozidi, akiba iliyolala ghalani, mizunguko ya bure na bidhaa mbovu.

Tanzania ilianza nayo hospitalini, katika Hospitali ya Rufaa ya Mbeya mwaka 2007. Hatua zake 5 za awali hufundishwa kwa maneno Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha na Shikilia. Ya mwisho ndiyo huwashinda wengi. Mafunzo ya viwandani yalifuata mwaka 2013 kwa ushirikiano wa wizara ya viwanda na shirika la JICA la Japani.

Mwanza, mfano ulio karibu wa upotevu huo ni katika minofu ya sangara. Hapa kusubiri ndiko kunakogharimu zaidi: barafu ikichelewa mwaloni, samaki hushuka daraja kabla hajafika kiwandani, na hakuna mashine ya kumrudishia ubora. Kisu butu nacho huacha nyama kwenye mifupa. Hata hivyo, si kila kinachobaki ni hasara. Mabondo, yaani vibofu vya hewa vya samaki, huuzwa Asia kwa bei kubwa, na mapanki, yaani mifupa inayobaki baada ya minofu kuondolewa, hukaangwa yakawa kitoweo cha mitaani.