Picha za kale za majahazi: Ukikuta moja Geita au Shinyanga, kagua haya kabla ya kuuza

Ukitaja jahazi, wengi wanawaza Zanzibar. Kumbe hata Ziwa Victoria lilikuwa na majahazi ya biashara kabla reli haijafika Kisumu mwaka 1901. Picha za vyombo hivi, vya ziwani na vya pwani, zina wakusanyaji wake, na mwenye nayo asipoijua anaitoa kwa bei ya soda.

Anza na lenzi ya sonara, Geita hazikosekani. Ukiona vidoti vimejipanga, hiyo imechapwa mashineni kama picha ya gazeti. Picha nyingi za karne ya 19 ni karatasi nyembamba iliyobandikwa kwenye kadi ngumu, rangi ya kahawia. Tafuta jina la A.C. Gomes au J.B. Coutinho, wapigapicha wenye asili ya Goa waliokuwa na studio Zanzibar.

Kama ni postikadi, geuza uone stempu. Za Wajerumani ziliandikwa bei kwa pesa hadi 1905, kisha heller. Herufi G.E.A. ni za Waingereza, baada ya kuiteka nchi.

Sasa chombo chenyewe. Bumu limechongoka mbele na nyuma. Jahazi nyuma ni bapa. Mtepe ulishonwa kwa kamba za nazi bila misumari, tanga lake mkeka wa pembe nne. Ukipata picha halisi ya mtepe, shika vizuri: vyombo hivyo vilitoweka mwanzoni mwa karne ya 20.

Kopi nazo zipo tele, hivyo linganisha kwanza. Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kimeweka mtandaoni mkusanyo wa Winterton, zaidi ya picha 7,000 za Afrika Mashariki, kuziangalia ni bure, bando lako tu. Picha za Alan Villiers, aliyesafiri na bumu la Kuwait hadi Zanzibar na Rufiji mwaka 1938–39, ziko makumbusho ya Greenwich, London.

Usiibandue picha kwenye albamu, wala usiigundishe kwa gundi au selotepu. Piga nakala kwa simu mchana, kivulini, mbele na nyuma.

Halafu kuna hili la majina. Postikadi nyingi husema tu "jahazi la Waarabu", mabaharia hawatajwi kabisa. Kama kuna mzee nyumbani anayemtambua hata mmoja, muulize angali yupo, uandike nyuma kwa penseli laini.