Kichwa cha uthibitishaji cha SOAP

Kichwa cha uthibitishaji cha SOAP ni sehemu ya ujumbe wa XML inayobeba vitambulisho vya programu inayoita huduma ya wavuti. Hukaa ndani ya elementi ya Header, kabla ya Body, na kisichanganywe na vichwa vya HTTP. Muundo sanifu, WS-Security, uliidhinishwa na shirika la viwango la OASIS mwaka 2004, lakini kampuni nyingi hujibunia muundo wao. Nchini Kenya, huduma ya awali ya malipo ya mtandaoni ya M-Pesa ilidai CheckOutHeader yenye MERCHANT_ID, TIMESTAMP na PASSWORD. Nywila hiyo ilikokotolewa kwa kuunganisha namba ya mfanyabiashara, ufunguo wa siri na muda, kisha kupitishwa kwenye SHA-256 na Base64. Muda ulioandikwa kichwani ulipaswa kuwa uleule uliotumika kukokotoa, hadi sekunde. Daraja, jukwaa la API za M-Pesa ambalo Safaricom, kampuni inayoendesha M-Pesa, ililizindua mwaka 2017, linatumia REST badala ya SOAP.