Katuni za Televisheni, za Kale na za Leo

Baina ya watu waliokulia mbele ya katuni za miaka ya 1960 na 1970 na vijana waliokulia mbele ya katuni za karne hii, kuna mjadala usiokwisha juu ya zipi zilizo bora, na aghalabu kila upande huutetea utoto wake zaidi kuliko unavyoitetea kazi yenyewe. Wa kwanza husema kwamba katuni za leo zina kishindo kingi na utulivu mchache. Wa pili hujibu kwamba za kale hazina mwendo, kwamba mhusika husema mdomo ukicheza peke yake ilhali kichwa, mabega na mikono vimetulia tuli. Yote mawili ni kweli kwa kiasi chake. Lakini asili ya tofauti hiyo haimo katika uhodari wa wachoraji wa zama hizi wala katika uvivu wa wachoraji wa zama zile. Imo katika daftari la matumizi, kwa kuwa katuni ya televisheni, tangu siku ilipozaliwa, imechorwa kwa kalamu mbili, moja ya msanii na ya pili ya mtunza hazina, na mara nyingi kalamu ya pili ndiyo iliyotangulia kugusa karatasi.

Ili jambo hili lidhihirike, yafaa kwanza kutazama jinsi mchoro unavyotiwa uhai. Filamu hupitisha picha 24 kwa kila sekunde, na mchoraji atakaye mwendo laini hana budi kutengeneza michoro 24, au 12 kila mmoja ukipigwa picha mara mbili, kwa sekunde moja tu ya mnyama kugeuza shingo. Mnamo mwaka 1914 Mmarekani Earl Hurd alibuni njia iliyopunguza taabu hiyo: mhusika alichorwa juu ya plastiki nyembamba inayopitisha nuru, kisha plastiki hiyo ikalazwa juu ya mandhari iliyochorwa mara moja, ikawa hapana haja tena ya kurudia nyumba na miti katika kila picha. Hata hivyo kazi ilibaki nzito. Mstari ulipigwa kwa wino upande wa mbele wa plastiki, na rangi ikatiwa upande wa nyuma, ili mpaka wa wino usichafuke na nyayo za brashi zisionekane. Na watiaji rangi, ambao katika studio za Marekani wengi wao walikuwa wanawake, walivaa glavu nyepesi za pamba, maana alama ya kidole kimoja iliweza kuharibu picha nzima. Majina ya wanawake hao ni nadra kuyakuta katika orodha za watengenezaji, nami naona hiyo ni dhuluma ambayo waandishi wa historia ya sanaa hii wamechelewa mno kuirekebisha.

Katika studio ya MGM, William Hanna na Joseph Barbera walifanya kazi kwa utaratibu huo tangu mwaka 1940, wakawatengeneza paka na panya waitwao Tom na Jerry kwa ajili ya majumba ya sinema, wakapata kwa kazi hiyo tuzo saba za Oscar. Filamu yao moja haikuzidi sana dakika saba, lakini ilipewa fedha za kutosha na muda wa kutosha, na ndiyo sababu hata leo mtu akiitazama huona uzito wa paka anapoanguka na wepesi wa panya anapoteleza chini ya mlango. Mwaka 1957 studio hiyo ilifunga idara yake ya katuni, kwa sababu wakuu wake walipopiga hesabu waliona kwamba kuzionyesha upya filamu za zamani kunaleta mapato yanayokaribia ya kutengeneza mpya. Mabwana hao wawili, wakiwa katika kilele cha ustadi wao, wakajikuta hawana ajira.

Palipobaki mlango wazi ni kwenye televisheni, na mlango huo ulikuwa mwembamba. Mfululizo wao wa kwanza, The Ruff and Reddy Show, ulianza Desemba 1957, na fedha walizopewa kwa kila dakika zilikuwa kiasi cha sehemu ya kumi tu ya zile walizozizoea. Walilofanya hapo, kwa maoni yangu, ni miongoni mwa matendo ya akili makubwa katika historia ya sanaa hii, ingawa wengi wa wenzao walilidharau. Walimgawa mhusika vipande. Kiwiliwili kilichorwa mara moja kikaachwa palepale. Kichwa kikawa juu ya plastiki ya pili. Mdomo, wenye maumbo machache tu ya kutamka irabu na konsonanti, juu ya ya tatu. Mtazame kwa makini dubu Yogi, aliyetokea mwaka 1958 katika kipindi cha Huckleberry Hound: hana nguo ila kofia, ukosi na tai, na ukosi ule haukuvalishwa shingo yake kwa pambo. Umefunika mahali kichwa kinapoungana na mwili, ili kichwa kiweze kubadilishwa mara mia juu ya kiwiliwili kilekile bila mtazamaji kuuona mshono. Ukiisha kulijua hilo, utaukuta ukosi, tai au mkufu katika shingo za wanyama wengi wa studio hiyo, na utaelewa kwamba mavazi yao yalishonwa na mhasibu.

Mbinu hiyohiyo ndiyo iliyoibeba The Flintstones, iliyoanza tarehe 30 Septemba 1960 na kudumu hadi mwaka 1966 kwa vipindi 166, nayo ilikuwa katuni ya kwanza ya Marekani kutengenezwa kwa saa za jioni, familia nzima ikiwa mbele ya televisheni. Mhusika wake mkuu, Fred, akikimbia ndani ya nyumba yake ya mawe, miguu hurudia hatua zilezile chache, na nyuma yake hupita dirisha, kiti na taa, kisha dirisha lilelile, kiti kilekile na taa ileile. Maadamu jicho halina cha kushiba, sikio ndilo lililokirimiwa. Daws Butler, aliyewapa sauti Yogi na Huckleberry, na Mel Blanc, aliyempa sauti Barney, jirani wa Fred, wote wawili walikuwa wamepitia redioni, mahali ambapo mwigizaji hana uso wala mkono wa kumsaidia, na walijua kumjenga mtu mzima kwa koo peke yake. Kwa hiyo katuni za kale za televisheni, ukizifumbia macho, bado unaweza kuzifuata. Ni michezo ya redio iliyotiwa picha, na haya si matusi bali ni sifa.

Ng'ambo ya pili ya dunia, mchoraji Mjapani Osamu Tezuka aliukabili ufukara huohuo kwa njia yake. Astro Boy yake, iliyoanza kuonyeshwa Japani tarehe 1 Januari 1963, iliuzwa kwa bei ya chini mno, na ili kuimudu bei hiyo studio yake ilipunguza michoro, ikazihifadhi plastiki zilizokwisha tumika ili zitumike tena katika vipindi vingine, ikaiacha kamera isogee juu ya picha iliyosimama. Kutokana na dhiki hiyo ulitokea mtindo ambao sasa unapendwa duniani kote: kimya kirefu kabla ya pigo, jicho kubwa lililojaa machozi yasiyodondoka, shujaa aliyeganda hewani ilhali mistari ya kasi inampita. Lakini ile bei ya chini nayo ilirithiwa, na malipo duni ya wachoraji wa Japani yamekuwa malalamiko tangu zama hizo hata leo.

Tofauti nyingine, ambayo watu huitaja kwa nadra, ni ya umbo la hekaya. Katika katuni za kale hakuna kitu kilichodumu: nyumba iliyobomoka Jumatatu ilikuwa imesimama Jumanne, na vijana wa Scooby-Doo, tangu mwaka 1969, walimvua kinyago mwovu wa wiki hii pasipo kumkumbuka wa wiki iliyopita. Hilo halikuwa kosa la watunzi. Vituo vya televisheni vilinunua vipindi vya zamani kwa mafungu, vikavionyesha kwa mpangilio wowote uliovifaa, na kipindi kinachomtegemea mwenzake kingekuwa bidhaa mbovu. Leo mtazamaji huchagua mwenyewe aanze wapi na aishie wapi, kwa hiyo mtunzi ana ruhusa ya kumwacha mhusika akue, akosee na alipe. Avatar: The Last Airbender, ya miaka 2005 hadi 2008, ilisimulia habari moja yenye mwanzo na mwisho katika vipindi 61, na mwanamfalme anayeanza kama adui humaliza akiwa rafiki kwa safari ya polepole ambayo kipindi kimoja cha dakika 20 kisingeweza kuibeba. Hapa ndipo ninapowapa vijana haki yao pasipo shaka.

Katikati ya zama hizo mbili kuna miaka ya 1980, ambayo sitakaa nayo sana: He-Man ya mwaka 1983 na Transformers ya mwaka 1984 zilitungwa bega kwa bega na madirisha ya maduka ya vitu vya kuchezea, na hekaya ikawa mtumishi wa bidhaa.

Ama kompyuta, ambayo wengi hudhani ndiyo iliyoipasua historia hii vipande viwili, ilibadili mkono kuliko ilivyobadili akili. The Simpsons, iliyoanza Desemba 1989 kwa rangi za brashi, iliachana nazo kabisa mwaka 2002. Sazae-san ya Japani, iliyoanza mwaka 1969, ilishikilia plastiki na rangi za mkono mpaka mwaka 2013. Mchoraji wa leo humjenga mhusika mara moja ndani ya programu, kila kiungo mbali na mwenzake, kisha akaviungia maungo yanayozunguka, na kuanzia hapo humwendesha bila kumchora upya. Huyu ni Yogi yuleyule aliyegawanywa vipande, ila ukosi umevuliwa kwa sababu mshono hauonekani tena. Kwa insafu, basi, katuni nyingi mpya za televisheni ni wajukuu halali wa dhiki ya mwaka 1957, na anayezisifu kwa kuidharau asili yao anamsifu mtoto kwa kumtukana babu.

Kwetu Afrika ya Mashariki mpangilio huu wa zama ulifika ukiwa umevurugika. Kenya ilikuwa na televisheni tangu mwaka 1962, Zanzibar ikaipata mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali Tanzania Bara ilingoja mpaka mwaka 1994. Na ilipofika, filamu za miaka ya 1940 na za miaka ya 1990 ziliweza kuingia sebuleni kwa wakati mmoja, zote zikiwa mpya machoni pa mtoto. Tom na Jerry, kwa kuwa hawasemi sana, hawakuhitaji mkalimani.

Tangu hapo tumeanza kutengeneza zetu. Tinga Tinga Tales, iliyoonyeshwa kuanzia mwaka 2010, ilitengenezwa Nairobi kwa mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, mchoraji wa Dar es Salaam aliyefariki mwaka 1972, ambaye alipaka rangi za mafuta za baiskeli juu ya mbao laini. Na wanyama wake wenye rangi bapa na mipaka ya wazi waliafikiana na mwendo wa vipande kana kwamba aliwachora kwa ajili hiyo. Ubongo Kids, iliyoanza mwaka 2014 jijini Dar es Salaam, ilifundisha hesabu kwa hadithi na nyimbo za Kiswahili. Ukizitazama kazi hizi utaona uchache wa mwendo uleule, na sababu ni ileile. Basi ninalolitamani ni kwamba studio zetu zisiione hali hiyo kuwa aibu ya kufichwa kwa mapambo, bali zifanye kama Hanna na Barbera, ziende kuwatafuta watu wa redio. Kiswahili kina hazina kubwa ya michezo ya redio. Twende na Wakati, iliyoanza kurushwa na Radio Tanzania mwaka 1993, iliwafanya wasikilizaji wawajue wahusika wake kwa sauti tu. Waigizaji wenye uwezo huo wapo bado, Dar es Salaam, Unguja, Mombasa na Bukavu, na gharama ya kuwarekodi kwa saa nzima ni ndogo mno ukiilinganisha na gharama ya kumchora swala anayekimbia kwa dakika moja.